Kufundisha kwa Ziara: Ndege Wapitao Tabora

Walimu wengi wanapofundisha habari za ndege huchora picha ubaoni, wakataja mdomo, mabawa na kucha, somo likaisha. Katika makala haya twapenda kuonyesha jinsi somo hilo liwezavyo kufundishwa kwa ziara mbili kwenye bwawa la Igombe, kaskazini ya mji wa Tabora.

Shabaha
Mwanafunzi agundue mwenyewe kwamba baadhi ya ndege ni wenyeji na wengine ni wageni.

Matayarisho
Mwalimu aanze na jambo ambalo watoto wamekwisha kulisikia, yaani misafara ya zamani. Njia itokayo Bagamoyo iligawanyika hapa Tabora: moja ikaenda Ujiji, nyingine ikaelekea Karagwe na Buganda. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi. Kisha aulize: Je, ndege nao husafiri? Asitoe jibu.

Utaratibu
Ziara ya kwanza ifanyike mwanzoni mwa Machi, kwa asubuhi moja tu, kwani mvua bado zingalipo. Ya pili ifanyike Juni, wakati wa kiangazi. Hapo wanafunzi waweza kupiga kambi usiku mmoja, kwa idhini ya wazazi na mbali na ukingo wa maji, ili waamke kabla ya jua. Kila kikundi cha watoto watano kiandike idadi, rangi, umbo la mdomo na namna ya kuruka. Jina liandikwe mwisho, hata likiwa la Kinyamwezi. Mwalimu asiyelijua hana budi kukiri.

Mwezi Juni baadhi ya nafasi katika daftari zitabaki tupu. Mbayuwayu wa Ulaya, mwenye koo jekundu, atakuwa amekwisha kurejea kaskazini kuzaliana. Nafasi hizo tupu ndizo somo lenyewe.

Kosa letu
Katika ziara yetu ya Machi tulimkuta mtoto mmoja ana manati mfukoni. Tulimnyang'anya na kumkaripia mbele ya wenzake. Hakusema neno asubuhi nzima. Mwezi Juni tulimpa kazi ya kuhesabu. Jicho lililozoea kulenga ndilo lililowaona ndege kabla ya wengine wote.

Jioni, kando ya moto, tuliwasimulia habari za korongo mweupe aliyepigwa risasi Ujerumani, karibu na Klütz, mwaka 1822. Shingoni alikuwa amechomwa mkuki uliotoka Afrika, naye angali amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Aliwathibitishia wataalamu kwamba korongo husafiri hadi Afrika. Mtoto yule akauliza: "Mwalimu, ilikuwa lazima afe ndipo wajue?" Tukamwonyesha daftari lake.

Zoezi
Mwalimu mwanafunzi aandae ziara kama hii katika mazingira ya shule atakayofanyia mazoezi, na aeleze atakavyomshughulikia mtoto mwenye manati.