SOMO: SANAMU ILIYOBAKI NA MAJINA YALIYOPOTEA

Leo tujifunze habari ya sanamu zisimamazo barabarani hata baada ya walioziweka kwenda zao.

1. Sanamu mbili za Dar es Salaam

Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Chini yake waliweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Baadaye ilisimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu, hata wanafunzi wakaiangusha mwaka 1967, na tena 1968.

Mwaka 1927 Waingereza waliweka Sanamu ya Askari, ambayo ingali pale Barabara ya Samora. Safari hii Mwafrika yuko juu, peke yake, na bunduki yake imeelekea bandarini.

2. Yatuhusu nini sisi wa Same?

Vita ile ilipita hapa. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza lilishuka likifuata reli, chini ya milima yetu ya Upare. Pande zote mbili zilitumia wapagazi, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Sanamu ya Askari yawakumbuka wapagazi, lakini haina jina la mmoja wao. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba maelfu mengi ya Waafrika hawakukumbukwa kwa majina, ikaomba radhi.

3. Tujifunze nini?

Wengine husema sanamu ya wakoloni ivunjwe. Sisi twaona iachwe, kwa kuwa aliye juu yake ni babu yetu. Lakini sanamu haijielezi. Katika Yoshua mlango wa 4, mawe 12 yaliwekwa ili watoto waulize na wazazi wajibu. Pasipo jibu, ni mawe tu. Tena, mwaka 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kuipinga kodi ya mbiru, na wazee wametusimulia bila kuhitaji sanamu.

Maswali ya kujadiliana

(a) Katika ukoo wenu, nani alichukuliwa vitani? Alirudi?
(b) Nani nyumbani bado ajua jina lake na kijiji chake?
(c) Je, tutaliandika lini?

Ajuaye jina asingoje. Wazee wanaondoka.