Mayai ya Kinyonga

Kinyonga wa kawaida wa Afrika ya Mashariki hukaa mitini siku zake nyingi. Lakini wakati wa kutaga ukifika, jike hushuka kutafuta mahali penye udongo laini. Hapo huchimba shimo kwa miguu yake, hutaga mayai 20, 40 au zaidi, kisha huyafukia na kusawazisha udongo, hata apitaye asitambue kitu. Halafu huenda zake, wala harudi kuyaatamia kama afanyavyo kuku. Joto la udongo ndilo liyaangualo.

Mayai hayo ni meupe, na ganda lake ni laini kama ngozi. Huvuta unyevu wa udongo na kuongezeka ukubwa. Yakikauka husinyaa, yakilowa mno huota ukungu. Basi afugaye kinyonga na ayaweke katika chombo chenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Ayachukue polepole, upande wa juu ubaki juu. Maana yakigeuzwa, mtoto aliye ndani huweza kufa. Kisha na angoje, kwa kuwa hupita miezi mingi, pengine karibu mwaka mzima, kabla hayajaanguliwa.

Watu wengi humwua kinyonga kwa kudhani ana sumu. Lakini hana sumu ya kumdhuru mtu. Chakula chake ni nzi, panzi na wadudu wengine. Tena amwuaye jike ashukapo mtini, ameua na watoto wake wote pamoja.

Maswali
1. Kwa nini jike hushuka mtini?
2. Kwa nini mayai hayafai kugeuzwa?