Kura kwa Mtihani wa Kusoma

Nyinyi mliohitimu kisomo mnajua taabu ya kutojua kusoma. Leo tutajifunza jinsi taabu hiyo ilivyomnyima mtu kura kule kusini mwa Marekani.

Huko kilitawala chama cha Democrat, na wakati huo hakikutaka watu weusi wapige kura. Basi majimbo yakaweka mtihani wa kusoma. Na Mzungu asiyejua kusoma je? Mwaka 1898 jimbo la Louisiana lilipata dawa yake: kama baba au babu yako alikuwa na haki ya kura kabla ya 1867, mtihani haukuhusu. Babu za watu weusi wengi walikuwa watumwa. Wangepiga kura lini? Mahakama ya Juu ilifuta ujanja huo 1915, lakini mtihani ukabaki. Msahihishaji alikuwa karani Mzungu, naye akitaka kukufelisha anakufelisha tu.

Mwaka 1957, huko Johns Island, South Carolina, watu wazima walianza darasa nyuma ya duka la ushirika. Mwalimu wao, Bernice Robinson, kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele; ualimu hakuusomea. Walijifunza kuandika majina yao, kujaza fomu za kutuma fedha, na kusoma katiba ya jimbo, maana hiyo ndiyo waliyoulizwa. Madarasa kama hayo yakaenea kusini kote.

Sheria ya 1965 ilizuia mitihani hiyo kusini, na mwaka 1975 ikapigwa marufuku kabisa nchi nzima. Mabishano hayajaisha lakini. Siku hizi Republican na Democrat wanavutana juu ya vitambulisho vya wapiga kura na kura zinazotumwa kwa posta.