Dondoo muhimu: Shahada ya Dar, uwakili Nairobi

Amua kwanza utasimama mahakama za nchi gani, ndipo utafute chuo. Shahada pekee haikupi joho la uwakili: Tanzania Bara utapitia Law School of Tanzania, Kenya utapitia Kenya School of Law. Kwa shahada ya nje, Wakenya hukagua kama ulisoma masomo 16 ya msingi. Basi tunza muhtasari wa kila somo, wenye muhuri wa chuo. Kuufuatilia baada ya kuhitimu ni mateso. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki la 2010 lisikulevye: wahandisi na wahasibu walisaini mapema mikataba ya kutambuana sifa za kitaaluma, mawakili wakabaki nyuma. Hata ndani ya Tanzania, Zanzibar ina orodha yake ya mawakili. Uliza mamlaka husika kwa maandishi kabla hujalipa ada.