Mutoto Mulegevu Tangu Kuzaliwa: Si Uchawi, na Kuna Neno la Kumwambia Munganga

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, somo letu la leo ni la ugonjwa usioonekana mara nyingi. Lakini ukiingia katika nyumba, unaleta maneno mengi: muke anashitakiwa, nyanya anashitakiwa, na feza zinamalizika kwa wafumu. Basi tuufahamu.

Namna unavyoonekana

Mutoto anazaliwa mulegevu. Ukimubeba, mikono na miguu inaning'inia. Anachelewa kusimamisha kichwa, anachelewa kuketi, anachelewa kutembea. Kwa wengine mufupa wa paja unatoka mahali pake kwenye nyonga, au mugongo unapinda. Lakini anaona, anasikia, anacheka. Akili yake ni nzima.

Usichanganye na polio. Polio inashika mutoto aliyekuwa muzima, mara nyingi nyuma ya homa, na muguu unalegea kwa siku chache. Ukiona vile, kimbilia hospitali siku ileile. Tena, ulegevu wa kuzaliwa una sababu nyingi, kama vile mutoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Ni munganga anayepima na kusema.

Unatoka wapi?

Mwaka 1956, huko Marekani, waganga Shy na Magee walieleza jamaa moja yenye ulegevu huu katika vizazi vitatu. Walipotazama kipande cha musuli kwa mikroskopu, waliona kama kiini katikati ya nyuzi zake. Ndiyo sababu unaitwa ugonjwa wa kiini cha kati.

Ndani ya musuli kuna depo ndogo za kalisiamu. Ukitaka kukunja mukono, robine ya depo inafunguka, kalisiamu inatoka, musuli unajikaza. Kwa mugonjwa huyu robine hiyo ilitengenezwa vibaya tangu tumboni, kwa hiyo musuli hauna nguvu ya kutosha.

Mara nyingi kasoro hii inatoka kwa muzazi mumoja, baba au mama, na kila mimba ina bahati moja kwa mbili ya kuipokea. Muzazi huyo pengine hajijui: anakumbuka tu kwamba tangu utoto hakuweza kukimbia kama wenzake. Mara nyingine kasoro inatoka kwa wazazi wote wawili, au inaanza kwa mutoto mwenyewe. Hakuna aliyeitafuta, hakuna aliyemuloga mwenzake.

Hatari ya dawa ya usingizi

Hapa usome polepole. Dawa fulani za kulaza mugonjwa mbele ya kupasuliwa, kama halotani ya kuvuta kwa pumzi na suksametoniamu ya sindano, zinaweza kufungua robine ile bila kuifunga. Misuli inakazana, moyo unakimbia, joto la mwili linaweza kupita digri 41, na mugonjwa anaweza kufa.

Mwaka 1960, kule Melbourne, Australia, ilielezwa habari ya kijana aliyevunjika muguu. Aliogopa dawa ya usingizi kuliko muguu wenyewe, kwa sababu watu 10 wa jamaa yake walikuwa wamekufa kwa dawa hiyo. Alisema mapema, waganga wakamuangalia sana, akapona. Mwaka 1973 ikaonekana kwamba wenye ugonjwa wa kiini cha kati nao wana hatari hiyo.

Dawa ya kupigana nayo, dantroleni, ipo, lakini si kila hospitali inayo. Kwa hiyo neno lako ndilo kinga ya kwanza. Munganga akijua mapema, anaweza kutumia ketamini, au sindano ya kufisha ganzi sehemu moja tu, zisizo na hatari hiyo. Na usiseme: «Alipasuliwa zamani bila shida.» Hatari inaweza kutokea mara ya pili.

Kazi ya nyumbani

Dawa ya kuondoa ugonjwa huu haipo, lakini kwa watu wengi hauzidi haraka, na wengi wanatembea. Basi:

1. Nyoosha viungo vya mutoto kila siku, polepole, kama ulivyoonyeshwa hospitalini. Usimuinue kwa kumuvuta mikono.
2. Mama, mubebe mugongoni miguu ikiwa imepanuka. Inasaidia nyonga.
3. Akikohoa au kupumua kwa shida, usingoje. Chanjo zote azipate.
4. Mupeleke masomoni kama wenzake.
5. Mufanyakazi mwenye ugonjwa huu katika jamaa asianze kazi nzito katika joto kali mbele ya kumwona munganga. Misuli ikimuuma sana na mukojo ukawa mweusi, aache kazi na aende hospitali mara moja.

Zaidi ya yote, uandike katika karatasi ya hospitali ya mutoto, na ya kila ndugu wa damu: «Ugonjwa wa misuli katika jamaa. Angalisho kwa dawa ya usingizi.» Na kama kuna mujomba au shangazi aliyekufa mezani pa kupasuliwa bila sababu kujulikana, useme. Wafu hawana haya tena. Wazima wanaweza kuokoka.