Urwarwa wa Gitega: nini cha kuuliza kabla ya kuagiza

SWALI: Ninaishi Muyinga, hapa Burundi. Karibuni nitakwenda Gitega kikazi, na wenzangu wamenialika kwenye kabare (baa) inayojaa watu kwa sababu ya urwarwa wake. Mimi nimezoea bia ya Primus tu. Nijiandae vipi?

JIBU: Jambo la kwanza ni kumuuliza muuzaji pombe imetengenezwa lini. Urwarwa ni maji ya ndizi mbivu, yaliyokamuliwa kwa majani na kutiwa unga wa mtama uliokaangwa. Huchacha kwa siku moja hadi tatu, kisha huharibika upesi. Ndiyo maana napenda kabare yenye msongamano: pombe haipati muda wa kulala. Onja kidogo kwanza. Uliokomaa vizuri huanza na utamu wa ndizi, halafu uchachu mwepesi, na ladha ya mtama hubaki ulimini. Ukikuta ukali wa siki peke yake, uache. Ukiletewa insongo, pombe nyingine ya ndizi, kunywa polepole, kwani hiyo haikuzimuliwa kwa maji na ina nguvu kuliko Primus yako.

Huenda wazee wakakukaribisha impeke, pombe ya mtama inayonywewa kwa mirija kutoka chombo kimoja. Hiyo ni heshima kubwa. Mwenyeji huonja kwanza kuonyesha kwamba ni salama. Omba mrija wako mwenyewe, hakuna atakayechukia.

Ukikuta kabare imejaa na meza tupu hakuna, sema "Amahoro" (amani, kwa Kirundi) na uketi na watu usiowajua. Agiza brosheti (mishikaki) za mbuzi mapema, maana siku za watu wengi jiko huchelewa, na usinywe tumbo likiwa tupu.