Tiba ya Mzio Chini ya Ulimi: Kwanza Kukitambua Kichochezi

Mzio, ambao wengi huuita aleji, hutokea pale kinga ya mwili inapokipokea kitu kisicho na madhara kana kwamba ni adui. Matokeo yake ni chafya za mfululizo, makamasi mepesi, macho kuwasha na, kwa baadhi ya wagonjwa, pumu. Dawa kama setirizini na steroidi za kupuliza puani hutuliza dalili, lakini haziondoi mzio wenyewe.

Tiba ya kuizoesha kinga hufuata njia nyingine. Mgonjwa hupewa kidogo kidogo kitu kilekile kinachomsumbua, hadi mwili ukivumilie. Mwaka 1911, Leonard Noon wa London alichapisha matokeo ya kuwadunga wagonjwa dondoo ya chavua ya nyasi. Siku hizi dondoo huweza pia kuwekwa chini ya ulimi, kwa kidonge au matone, kila siku, kwa kawaida kwa miaka 3.

Kwa kuwa tiba hii hulenga kichochezi mahususi, kukosea kichochezi ni kupoteza miaka na fedha. Dodoma, lawama ya kwanza huangukia vumbi. Wakati wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Novemba, upepo hutimua udongo wa barabarani na mashambani, na apepetaye uwele huvuta vumbi jingi. Hata hivyo, vumbi la udongo huweza kuwasha pua na koo pasipo mzio wowote, na halina kidonge chake. Vidonge viitwavyo vya mzio wa vumbi hutengenezwa kutokana na utitiri wa vumbi la nyumbani, viumbe wadogo mno wa jamii ya buibui waishio katika magodoro na mito, nao hupenda unyevu kuliko ukame.

Dalili zinazozidi katika miezi ya mvua, nyasi zinapochanua, huelekeza kwenye chavua. Hapa pia tahadhari inahitajika: vidonge vya nyasi vilivyoidhinishwa Ulaya na Marekani vimetokana na nyasi za nchi za baridi, kama timothi, ambazo chavua yake hutofautiana na ya ukoka.

Kwa hiyo mhudumu wa afya huanza na maswali: dalili huanza lini, wapi, na baada ya kazi gani? Kisha hufuata kipimo cha ngozi, kinachosomwa baada ya dakika 15 hadi 20, au kipimo cha damu. Kabla ya kipimo cha ngozi, antihistamini husimamishwa kwa siku kadhaa, kwani huficha majibu. Kipimo chanya kisichoafikiana na dalili hakitoshi kuanzisha tiba.

Dozi ya kwanza hutolewa kituoni, na mgonjwa huangaliwa kwa dakika 30. Mwasho wa mdomo ni wa kawaida katika wiki za mwanzo. Mgonjwa akikosa pumzi, akivimba koo au akizirai, huchomwa adrenalini kwenye msuli wa paja mara moja. Mwenye pumu isiyodhibitiwa haanzishiwi tiba hii, wala haianzishwi wakati wa ujauzito.

Ikiwa kisababishi ni vumbi la udongo tu, kufunika pua kazini, kunyunyiza maji uani kabla ya kufagia, na kusafisha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupozwa humfaa mgonjwa kuliko kidonge chochote cha chini ya ulimi.